Huduma ya Mama Kangaruu

Huduma ya mama kangaruu ni matunzo ya mtoto njiti, au aliyezaliwa na uzito mdogo, ambapo mama hukaa naye kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, akimlisha maziwa yake mwenyewe. Mtoto huvaa nepi, kofia na soksi tu. Hufungwa wima kwa khanga au kitambaa kinachovutika, kichwa kikigeuzwa upande ili njia ya hewa isizibe.

Ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Inkubeta hazikutosha, watoto wakalazwa pamoja na kuambukizana maradhi. Daktari Edgar Rey Sanabria, kisha mwenzake Héctor Martínez, wakawakabidhi akina mama watoto wao. Kwa muda mrefu ilionekana tiba ya kimaskini, ya hospitali zisizo na mashine.

Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kutangazwa 2021, ulibadili mtazamo huo. Watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 walibebwa mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitulie. Katika siku 28 za mwanzo walifariki asilimia 12, dhidi ya 15.7 ya waliosubiri kwanza. Utafiti ulisitishwa mapema, maana isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri mtoto abebwe hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku.

Hapo ndipo wodi nyingi hukwama. Mama anayeitwa saa ya kunyonyesha tu, kisha akatolewa nje, hawezi kutimiza saa hizo; anahitaji kitanda kando ya mwanawe, chakula, na muuguzi wa kumfundisha kukamua maziwa na kutambua dalili za hatari: pumzi kukatika, rangi kubadilika, mwili kupoa. Yeye ndiye huziona kwanza, na akisema asikilizwe. Aliyejifungua kwa upasuaji hupokewa na baba, bibi au mama mdogo wa mtoto, kwani kifua chao nacho hutia joto. Kuwazuia mlangoni kama wageni ni kumpunguzia mtoto tiba.

Nyumbani kazi huendelea, pamoja na kurudi kliniki kupima uzito, hadi mtoto akaribie kilo 2.5. Wengi wakifikia hapo huanza wenyewe kujinyonganyonga na kusukuma wakitaka kutoka.