Mshale wa Chini Mara Nne

Kwenye rafu ya juu ya kibanda changu hapa Ruangwa mjini kuna CPU ya Dell isiyo na mfuniko wa ubavuni. Haiwaki tena. Siitupi kwa sababu ya kipande cha plasta ya hospitali kilichobandikwa mbele yake, kimeandikwa kwa peni: "Ukiona maandishi meupe, bonyeza mshale wa chini mara nne, halafu Enter." Mwandiko ni wangu, wa mwaka 2008, na mwenye mashine alikuwa mwalimu wa upande wa Chunyu, kata niliyozaliwa. Watu wa pwani jina hilo huwachekesha, maana kwao chunyu ni ile chumvi inayokugandia mwilini ukitoka kuogelea baharini. Sisi bahari tulikuwa tunaisikia redioni. Chunyu yetu ilikuwa ile ya kwenye vichwa vya betri za sola.

Desturi iliyonifanya niandike plasta ile inaelekea kusahaulika, na vijana ninaowafundisha hudhani ilikuwa ujuaji tu wa mafundi: kuweka mifumo miwili ndani ya kompyuta moja, Windows na Linux, na kumwachia mwenye mashine achague kila anapowasha. Haukuwa ujuaji. Ilikuwa shida.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mlango haukufunguka sawasawa mpaka miaka ya tisini. Kwa hiyo zilipoanza kufika kusini kwa wingi, zilifika zikiwa mitumba: Pentium 4 zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya, zikapakuliwa Kariakoo, zikaletwa Nachingwea na Ruangwa juu ya magunia ndani ya basi. Zilikuja na Windows XP ya kunakili, na mara zilipoguswa na flashi ya kwanza ya steshenari zikapata ugonjwa. Kila fundi wa umri wangu anaukumbuka: unafungua flashi, mafaili yote yamegeuka kuwa njia za mkato, yenyewe yamefichwa. Dawa ya kununua ilihitaji bando kila wiki, na bando hatukuwa nalo.

Linux haikuujua ugonjwa ule. Ukiichomeka flashi kwenye Linux, kirusi kinaonekana kimelala pale kama nyoka aliyekufa, na mafaili yaliyofichwa yanaonekana yote. Unafuta kimoja, unaokoa mengine. Kwa hiyo tukaweka Linux pembeni ya Windows kama mtu anavyoweka panga nyuma ya mlango.

Na ilikuja bure. Kuanzia toleo la kwanza la Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, Oktoba 2004, waliolitengeneza walikuwa wanakutumia CD kwa posta, hulipi kitu, hata nauli ya barua. Mwezi Desemba mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili tupu. CD yangu ilikuwa ya toleo la 8.04. Niliichukua kwenye sanduku la barua la mjomba, Nachingwea, nikaishika kwa kingo kama sahani ya moto. Huduma ile ya posta ilifungwa mwaka 2011, na ndipo nilipojua kwamba ilikuwa ya ajabu.

Sasa, mifumo miwili ndani ya diski moja inahitaji mtu wa kusimama mlangoni. Babu yangu alifanya kibarua kwenye reli ile ya mpango wa karanga, iliyojengwa na Waingereza baada ya 1947 kuja Nachingwea, na baadaye ikawa na tawi la kwenda Masasi. Karanga zilishindikana, mpango ukafutwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya sitini reli yenyewe ikang'olewa. Babu hakuwa akisimulia treni. Alisimulia mtu wa kugeuza njia pale reli inapogawanyika: mshahara mdogo, kofia kubwa, na akilala yeye, treni nzima na mizigo yake inakwenda kusiko.

Kwenye kompyuta za zamani, mtu huyo alipewa chumba cha baiti 512. Ndiyo sekta ya kwanza ya diski, iliyopangwa hivyo tangu IBM walipotoa mashine ya diski kuu mwaka 1983. Ndani yake baiti 446 ni za maelekezo, 64 ni orodha ya vyumba vya diski, na mbili za mwisho ni muhuri. Baiti 64 zinatosha vyumba vinne tu, kwa hiyo wakabuni chumba kimoja cha kubeba vingine ndani yake, navyo kwenye Linux huhesabiwa kuanzia namba 5. Wengi wetu tulikuwa tunaiona "sda5" miaka nenda rudi bila kujiuliza namba 2, 3 na 4 zilikwenda wapi.

Programu ya kwanza kuzoeleka kukaa chumba hicho kwa ajili ya Linux iliitwa LILO, kazi ya Werner Almesberger, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ilikuwa inaandika jina lake herufi moja moja inapopanda, na ikikwama, herufi iliyoishia ndiyo iliyokuambia ugonjwa uko wapi. Ubaya wake, ilikariri mahali mfumo ulipo kwenye diski. Ukibadilisha kitu ukasahau kuiambia upya, kesho haiwaki. Mwaka 1995 Erich Boleyn akatengeneza GRUB, ambayo haikariri. Yenyewe inasoma diski, inatafuta faili kwa jina. Ndiyo iliyokuja na CD yangu, na ndiyo iliyokuwa inaleta yale maandishi meupe kwenye kioo cheusi.

Orodha ya Mwalimu ilikuwa na mistari mitano. Wa kwanza Ubuntu, wa pili Ubuntu ya matengenezo, wa tatu kipimo cha kumbukumbu, wa nne kichwa cha habari tu, wa tano Windows. Kutoka wa kwanza hadi wa tano ni mshale wa chini mara nne. Nikaandika, nikabandika, nikajiona mtaalamu.

Mwaka uliofuata aliniletea mashine niipulize vumbi. Kwa kiherehere nikachomeka modemu, nikaisasisha Linux, nikamrudishia. Wiki haikuisha, bodaboda ikasimama mbele ya kibanda, Mwalimu kaipakata CPU kama mtoto mgonjwa.

"Mwanangu, hii mashine inahesabu tangu jana asubuhi. Nimemaliza petroli ya jenereta, yenyewe haimalizi."

"Inahesabu nini, Mwalimu?"

"Wewe ndiye uniambie. Kioo cha bluu, namba zinakimbia. Nikajua inapanga alama za wanafunzi."

Nikaiwasha, nikaelewa, nikaona aibu. GRUB ya wakati ule kila ilipopata kiini kipya cha Linux iliongeza mistari miwili juu na kuiacha ya zamani palepale. Windows ikashuka mpaka mstari wa saba. Mwalimu alifuata plasta yangu kwa utii, mshale mara nne, akaangukia kwenye kipimo cha kumbukumbu, ambacho kazi yake ni kupima, kikimaliza kinaanza upya, mpaka uzime. Nilimrudishia hela ya petroli. Watengenezaji wenyewe baadaye waliona kero hiyo, wakaanza kuificha ya zamani chini ya mstari mmoja, lakini kwa Mwalimu walikuwa wamechelewa.

Kero ya pili ilikuwa saa. Linux kwa kawaida huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya Greenwich, kisha inaongeza saa tatu zetu inapokuonyesha. Windows inaamini saa ya ndani ndiyo saa ya ukutani. Ukitoka Linux ukaingia Windows, saa 3 asubuhi inasomeka 6:00. Jaribu kumweleza hilo mtu ambaye tayari huongeza sita kichwani kila anaposoma saa ya Kizungu. Mama mmoja wa steshenari alinikatisha: "Baba, niambie tu, chai nimeshakunywa au bado?"

Kero hasa, iliyotulisha sisi mafundi, ilikuwa Windows kutokubali jirani. Ukiipiga upya, inaandika mtu wake kwenye chumba kile cha mlangoni bila kuuliza kama kuna mwingine. Linux inabaki nzima ndani ya diski, mafaili yake yote yapo, ila hakuna wa kukuelekeza kwake. Mwenye mashine analia yameibiwa.

Msimu mmoja wa korosho, mwezi Oktoba, karani wa chama cha msingi alinigongea usiku. Orodha ya wakulima na kilo zao alikuwa anaiweka upande wa Linux, kwa ushauri wangu, flashi zisije zikaila. Mchana wake kijana mmoja alikuwa amempigia Windows 7 upya. Menyu hakuna, orodha hakuna, mnada kesho.

"Nimekwisha, kaka," alisema, akakaa juu ya ndoo.

Nilimuuliza kitu kimoja tu: kijana alifuta vyumba vyote au alifomati cha kwanza peke yake? Hakujua. Nikawasha kwa CD ya Ubuntu, ambayo inapanda bila kugusa diski, nikaandika sudo fdisk -l. Watu hudhani ufundi ni kuandika haraka. Pale ndipo pa kutulia, kwa sababu ukiandika lolote kabla ya kusoma unaweza kuzika ulichokuja kukifukua. Orodha ikatoka: sda1, Windows. Chini kabisa, sda5, Linux. Nikamgeuzia kioo. "Kilo zako hizo hapo. Hazijaenda popote."

Nikaifungua sda5 kwenye folda ya mnt na kuchungulia. Faili lilikuwepo, la juzi yake. Nikalinakili kwanza kwenye flashi safi, maana umeme wa msimu ule haukuwa wa kuaminika, halafu ndiyo nikamrudisha GRUB mlangoni: sudo grub-install --root-directory=/mnt /dev/sda. Angalia hapo mwisho ni sda, si sda5. Namba ikiwepo unamweka mtu chumbani badala ya getini, nami nimekosea hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mashine ikajibu kwamba imemaliza, hakuna kosa. Kuiwasha upya, menyu ikaja, Windows 7 haimo. Karani akashtuka tena. Nikaingia Linux, nikaandika sudo update-grub, ikazunguka vyumbani, ikaiona Windows 7 na kuiandika. Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Chai ya tangawizi tuliyokunywa baada yake ilichukua muda mrefu zaidi.

Baada ya hapo mambo yalibadilika haraka. Windows XP iliachwa na wenyewe Aprili 2014. Mashine zilizokuja na Windows 8, kuanzia 2012, zilikuwa na utaratibu mwingine: badala ya chumba cha baiti 512 kuna kijisehemu kizima ambamo kila mfumo una folda yake, na mashine yenyewe inakumbuka nani aanze. Ugomvi wa mlangoni ukawa mdogo. Siku hizi menyu ikipotea, mara nyingi ni Windows imejipanga wa kwanza kwenye foleni tu. Unabonyeza F12 kwa Dell au F9 kwa HP wakati inawaka, unamchagua Ubuntu, halafu unapanga foleni upya. Imeongezeka tabia ya Windows kujifanya imezimwa kumbe imesinzia, na Linux ikikuta hivyo inakataa kuandika kwenye chumba cha mwenzake. Iko sahihi kukataa. Na limeongezeka geti la ulinzi linalokagua saini ya kila anayetaka kuwasha mashine. Agosti 2024 sasisho la Windows lilibadilisha masharti ya kupita geti hilo, na kompyuta nyingi za mifumo miwili duniani zikagoma kuingia Linux. Zangu mbili zilikuwamo. Nilizima ukaguzi kwenye mipangilio ya ndani, nikaingia, nikasasisha Linux, nikaurudisha.

Vijana wanasema desturi imekufa, kwa sababu kila mtu ana simu. Mimi sikubaliani nao. Oktoba 2025 Windows 10 nayo imefikia mwisho wake, na kompyuta mpakato nyingi zilizopo huku hazikidhi masharti ya Windows 11. Zimeanza kurudi kibandani, na mwenyewe akikubali naziwekea Linux pembeni.

Ya juzi ililetwa na Mwalimu yuleyule, sasa mstaafu, anaandika habari za ukoo wake. Nilipomaliza akachomoa mfukoni kipande cha plasta, cheupe, kipya, akaniwekea mezani pamoja na peni.

"Andika," akasema. "Lakini safari hii jenereta sina."

Sikuandika idadi. Niliandika: "Shuka mpaka usome neno Windows." Aliisogeza mbali na macho, akaisoma mara mbili, akaibandika mwenyewe.