Ukumbi wa michezo wa chuo kikuu: leo mpira, kesho kimbilio

Kavumu, Kivu Kusini. Mama mmoja, mhami, alinisimamisha barabarani akaniuliza: "Mwanangu, hivi vyuo vikuu vinavyotaka kumbi kubwa za michezo, vitajenga vipi nyumba ya kuchezea wakati sisi hatuna pa kulala?" Swali lake ni la haki. Nimelitafutia jibu katika historia, kwa sababu historia ya kumbi hizi ni ndefu na inatugusa sana sisi wa Kabare.

Tuanzie mbali. Desemba 1891, katika chuo kimoja cha mji wa Springfield, Marekani, kulikuwa na baridi kali na vijana hawakuweza kucheza nje. Mwalimu wao, James Naismith, alipigilia vikapu viwili vya kuvunia matunda kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, urefu wa kama mita 3, akawapa mpira. Hivyo ndivyo basiketi ilivyozaliwa. Mchezo huo ulitokana na shida ya kukosa mahali pa kuchezea. Kwetu hakuna theluji, lakini tunaijua mvua ya Kivu inayogeuza kiwanja kuwa matope kwa miezi.

Hapa Kongo, michezo ya shule ililetwa kwa sehemu kubwa na wamisionari. Padri Raphaël de la Kethulle alifika mwaka 1917, akafundisha watoto wa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, akawaundia vikundi vya mpira. Mwaka 1952 ulifunguliwa uwanja mkubwa ambao leo una jina lake, Tata Raphaël. Januari 1959 watu waliotoka kutazama mpira pale walichangamana na waliozuiwa kufanya mkutano wa ABAKO, na ghasia za siku zile ziliharakisha uhuru. Mwaka 1974 Muhammad Ali alimpiga George Foreman kwenye uwanja ule ule. Tazameni: mahali pamoja, mpira, siasa na ngumi. Kiwanja hakijawahi kuwa cha mchezo peke yake.

Sasa turudi nyumbani. Bukavu ni mji wa milima na rasi zinazoingia ziwani. Ardhi tambarare ni haba, na penye tambarare mara nyingi pana shule, parokia au chuo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianza mwaka 1989. Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu kilianza mwaka 1993 kama tawi la Kisangani. Vilizaliwa katika miaka migumu, na uporaji wa 1991 na wa 1993 uliangusha uchumi wa nchi. Chuo kinachoanza katika hali hiyo hutafuta kwanza darasa na mwalimu. Ukumbi wa michezo husubiri.

Kisha ukaja Julai 1994. Mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka Ruzizi na kuingia Kivu Kusini. Walilala wapi? Penye nafasi. Uwanja wa Collège Alfajiri mjini Bukavu ulijaa watu, moshi na shitingi. Huku kwetu kulikuwa na kambi za Kashusha na Inera, kando ya barabara hii tunayopita kila siku. Inera lilikuwa jina la taasisi ya utafiti wa kilimo. Kwa hiyo hata hapo, ardhi ya elimu ndiyo iliyopokea watu. Wazee wanakumbuka miti ya Kahuzi-Biega ilivyokatwa kwa kuni. Kambi zile zilidumu zaidi ya miaka miwili, hadi vita vya mwisho wa 1996 vilipozivunja na wengi kukimbilia msituni. Ng'ambo ya mpaka pia, mwaka 1994, uwanja wa Amahoro wa Kigali ulikuwa umehifadhi maelfu chini ya Umoja wa Mataifa.

Sasa nipeni nafasi niwape mfano mwingine. Agosti 2005 kimbunga Katrina kilizamisha mji wa New Orleans, Marekani. Katika mji jirani wa Baton Rouge, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana kina ukumbi wa basiketi uliofunguliwa mwaka 1972. Kwa siku chache uligeuka hospitali. Vitanda vilipangwa pale wachezaji wanapokimbia, na wagonjwa maelfu walipokelewa. Baada ya majuma machache ulisafishwa, ukarudishiwa vijana. Miezi michache baadaye, mwaka 2006, timu ya chuo hicho ilifika kati ya nne za mwisho za nchi nzima.

Sikuletei mfano huo ili tujilinganishe na matajiri. Angalia mambo mawili tu. Ukumbi ulikuwa na maji, vyoo, taa na milango mipana, ndiyo maana uliweza kuokoa watu. Na wenye ukumbi walijua siku ya kuufunga kama hospitali na kuufungua kama ukumbi. Kwetu, mhami anaambiwa "siku chache" na anabaki miaka. Mwanafunzi naye anapoteza kiwanja, mwishowe wanaanza kutazamana kama maadui, ilhali wote wawili wamekosewa na vita.

Februari 2025, vita vilipofika hapa Kavumu kisha Bukavu, wengi wenu mlilala tena katika madarasa na makanisa. Mnajua kuliko mimi maana ya watu mia moja kwa choo kimoja.

Basi jibu langu kwa yule mama ni hili. Ukumbi wa chuo usijengwe kama pambo. Ujengwe na paa linalokusanya maji ya mvua, vyoo vya wanawake kando, na chumba cha wagonjwa. Siku ya amani wacheze vijana wetu, pamoja na watoto wa wahami, kwani mtoto aliyekimbia anahitaji mpira kama anavyohitaji unga. Siku ya shida mlango ufunguliwe. Na siku hiyo hiyo waketi wahami, wanafunzi na wakubwa wa chuo, wakubaliane watu watahamia wapi baadaye.

Mama, nyumba ya kuchezea inaweza kuwa yako pia. Ila lazima uulizwe kabla ya msingi kuchimbwa.