Kura, Kibali, Pointi: Kericho na Historia ya Kumpima Mhamiaji

Ukiingia saiba yoyote ya Kapkatet mchana, utawakuta vijana wanaojaza fomu za mkopo wa masomo wa HELB, wanaoomba cheti cha tabia njema, na wengine wanaojumlisha pointi. Hawa wa pointi wengi wamesomea uuguzi au udaktari wa kliniki. Si ajabu, kwa kuwa mji huu una hospitali ya umma na tawi la chuo cha mafunzo ya matibabu, KMTC. Hesabu wanayoipiga ni ya Kanada: umri, masomo, lugha na miaka ya kazi. Anayefikisha kiwango hualikwa kuomba ukaazi wa kudumu.

Hesabu hiyo huzungumziwa kama jambo la juzi. Lakini Kericho ina zaidi ya karne moja ya kushuhudia dola likiamua nani aingie, nani akae na nani apewe ardhi.

Mwaka 1919, Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba askari wa zamani. Masharti hayakuwa mengi: uwe Mzungu, na uwe ulitumikia jeshi la Uingereza. Majina yalipigiwa kura, Nairobi na London, na mikataba ya ardhi ikaandikwa kwa miaka 999. Hapa Kericho palitengwa takriban ekari 25,000 kwa ajili ya maafisa waliojeruhiwa vitani, kupitia kampuni iliyojulikana kwa kifupi kama BEADOC. Wapagazi na askari Waafrika waliopigana vita hivyo hivyo, waliobeba mizigo mpaka Tanganyika na kufa kwa maelfu, hawakuruhusiwa hata kutia jina kwenye kura. Wakipsigis waliokuwa wakichunga katika ardhi hiyo walisukumwa kando.

Maafisa wale walipanda kitani, bei ya kitani ikaporomoka, na mradi ukafa kabla ya miaka mingi kupita. Katikati ya miaka ya 1920 ardhi ikaangukia mikononi mwa makampuni ya chai, James Finlay na Brooke Bond. Mashamba makubwa unayoyaona ukielekea Kericho mjini yana asili hiyo. Hakuna aliyewauliza wageni wa 1919 wamesoma mpaka wapi, wana ujuzi gani, au wanaijua lugha ya wenyeji kwa kiasi gani.

Mlango wa pili ulifungwa na Kenya huru. Baada ya uhuru wa Desemba 1963, wakazi wenye asili ya Asia waliopaswa kuomba uraia walipewa miaka miwili. Wengi walibaki na pasipoti za Uingereza. Tarehe 1 Desemba 1967 sheria mpya ya uhamiaji ikaanza kazi: asiye raia hana budi kuwa na kibali, na kibali hakitoki ikiwa yupo Mkenya wa kuifanya kazi hiyo. Mafundi seremala, makarani na wenye maduka wa Kericho, Litein na Sotik wakaanza kufunga virago. Machi 1968 Uingereza nayo, katika siku chache tu za mjadala bungeni, ikapitisha sheria ya kuwazuia watu hao hao waliobeba pasipoti zake. Miongoni mwa waliohamia Uingereza katika miaka iliyofuata ni kiongozi wa Masingasinga aliyeheshimiwa sana hapa, Baba Puran Singh. Gurdwara ya Kericho mjini inamkumbuka mpaka leo.

Na mwaka huo huo wa 1967, tarehe 1 Oktoba, Kanada ilianza kutumia pointi. Kabla ya hapo nchi hiyo ilichagua wahamiaji kwa rangi bila kificho. Waziri Ellen Fairclough alianza kulivunja hilo kwa kanuni za 1962, na miaka mitano baadaye maafisa wa wizara, wakiongozwa na katibu mkuu Tom Kent, wakaandika vipimo tisa vyenye jumla ya pointi 100. Aliyepata 50 alipita. Kila mwaka wa masomo ulikuwa pointi moja, mpaka 20. Pointi 15 zilibaki mkononi mwa afisa, azitoe kwa jinsi alivyoiona tabia ya mwombaji aliyeketi mbele yake.

Naliona hilo kuwa tendo la haki, na nalisema bila kusita. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Mwafrika au Mhindi aliweza kuisoma sheria na kujua anahitaji nini. Lakini kipimo hicho kilitungwa kwa haja ya Kanada, si ya mwombaji, na kimebadilishwa kila haja hiyo ilipobadilika.

Afrika Mashariki ilikijaribu mapema. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Kanada ikamtuma afisa wake Roger St. Vincent kutoka Beirut akafungue ofisi Kampala. Yeye na wenzake walihesabu pointi kama kawaida, ila walikuwa na ruhusa ya kumpitisha mtu hata zikipungua. Ndege ya kwanza iliondoka Entebbe mwishoni mwa Septemba, na hadi muda ulipokwisha Novemba 8 watu zaidi ya 4,000 walikuwa wamesafirishwa kwa ndege za kukodi. Serikali ya Kanada ilipotaka, rula iliwekwa kando.

Leo anayehesabu ni kompyuta. Tangu Januari 2015 waombaji huwekwa kwenye orodha moja na kupangwa kwa alama ambazo upeo wake ni 1,200. Tumchukue muuguzi wa kufikirika kutoka Kapkatet. Ana miaka 29, hajaoa, ana shahada moja na miaka mitatu ya kazi. Umri unampa 110, shahada 120. Katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS amepata 8 kusikiliza, na 7 kusoma, kuandika na kuzungumza: hiyo ni 124. Kazi na masomo yakiunganishwa na lugha yanaongeza 75. Jumla 429. Sasa tuseme kwenye kuandika alipata 6.5 badala ya 7. Nusu alama hiyo inamwondolea pointi 45, kwa kuwa inashusha lugha yenyewe na pia nyongeza za kazi na masomo. Anabaki na 384. Asubiri hadi afikishe miaka 35, na umri peke yake utakuwa umekula 33 nyingine.

Lini 429 inatosha? Hutegemea mwito. Julai 5, 2023, katika mwito wa wahudumu wa afya, wa mwisho kualikwa alikuwa na 463. Februari 2024, wanaojua Kifaransa waliitwa wakiwa na 336. Februari 2021, wakati wa korona, walioshakuwa wakifanya kazi ndani ya Kanada waliitwa hata wakiwa na 75. Na Machi 2025 pointi za kuwa na ofa ya kazi zilifutwa, kwa sababu ofa za uongo zilikuwa zikiuzwa. Aliyekuwa amemlipa dalali kwa ajili ya pointi hizo alijikuta mikono mitupu.

Gharama huanza mapema. Ada ya mtihani, tathmini ya vyeti, vipimo vya afya Nairobi, pasipoti, na akiba ya zaidi ya shilingi milioni moja benki kuonyesha kuwa utajimudu. Katika nyumba za wakulima wadogo wa hapa Bureti fedha hizo hutoka kwenye bonasi ya chai, ambayo upande huu wa Bonde la Ufa kwa kawaida ni ndogo kuliko ya Mlima Kenya, au kwenye harambee. Kule Uasin Gishu, mpango wa kaunti wa kuwapeleka wanafunzi Finland na Kanada uliishia mahakamani mwaka 2023, baada ya wazazi kulipa.

Tena kuna jambo ambalo jedwali la pointi haliligusi. Muuguzi anayetua Winnipeg na karatasi ya ukaazi wa kudumu bado haruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi. Kila jimbo lina bodi yake, na leseni ni safari nyingine yenye mitihani na ada zake. Wengi huanza kwa kuhudumia wazee katika makao ya kulelea. Kijana wa Kapkatet anastahili kuelezwa hayo, pamoja na hesabu ile ya nusu alama, akiwa bado darasani, kabla ng'ombe hajauzwa. Wa kumweleza ni chuo kinachomfunza na serikali ambayo tangu 2021 ina mkataba na Uingereza wa kupeleka wauguzi wake huko.