Vipimo vya mtumba vya umeme: Jinsi ya kuvichagua na kuvihakiki ukiwa Manyovu

MAKOSA ya robo moja ya volti yanatosha kumfanya fundi atupe betri nzima ya sola, au aiache mbovu ikiendelea kutumika hadi ife.

Hilo si jambo la kubuni. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12, ikiwa imejaa na imepumzishwa kwa saa kadhaa, husoma takriban volti 12.7. Ikibaki nusu husoma takriban volti 12.2, na ikishuka chini ya volti 11.9 huwa karibu imekwisha. Kati ya kujaa na nusu, kwa hiyo, kuna tofauti ya nusu volti tu.

Mita yenye kosa la asilimia 2 ikipima betri iliyobaki nusu inaweza kuonyesha volti 12.44. Fundi ataamini kuwa betri iko salama na ataruhusu mzigo uongezwe. Kosa hilo hilo likielekea upande wa chini, betri iliyojaa itaonekana kana kwamba haishiki chaji, na mwenye nyumba ataambiwa anunue nyingine.

Kwa sababu hiyo, ununuzi wa vipimo vya elektroniki vilivyotumika, biashara inayokua mijini na vijijini, unahitaji uangalifu zaidi ya ule wa kununua redio ya mtumba. Redio mbovu hujulikana mara moja kwa kukaa kimya. Mita mbovu huendelea kutoa tarakimu, na tarakimu hizo huaminiwa.

Manyovu mbali na maabara

Manyovu ni mji mdogo wa mpakani katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, unaofahamika kwa kilimo cha kahawa. Uko katika wilaya ya Buhigwe, iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, jirani na mpaka wa Burundi. Barabara ya lami ya takriban kilomita 60 inauunganisha na Mwandiga, karibu na Kigoma mjini.

Kwa miaka mingi mkoa huo ulitegemea jenereta za mafuta, kabla ya kuanza kupata umeme wa gridi ya Taifa mwaka 2022. Ndiyo maana umeme wa jua bado una nafasi kubwa katika kaya za Buhigwe, Kasulu na Kibondo, huku kazi za kufunga nyaya za nyumba nazo zikiongezeka. Kazi zote mbili zinahitaji mita inayoaminika.

Hata hivyo, maabara ya Taifa ya ugezi iko katika Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Ubungo, Dar es Salaam. Kutoka Kigoma hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Fundi wa Manyovu anayenunua mita iliyotumika analazimika kujua mambo mawili: namna ya kuichagua, na namna ya kuihakiki bila kuisafirisha kila mara.

Ugezi ni nini?

Ugezi ni kulinganisha kipimo na kingine chenye usahihi mkubwa zaidi, kisha kuandika tofauti iliyoonekana. Wengi hudhani ni sawa na kurekebisha mita ili isome vizuri, lakini hayo ni mambo mawili. Ugezi husema mita inakosea kwa kiasi gani; marekebisho hubadilisha usomaji wake. Mita inayokosea kidogo, ambayo kosa lake linajulikana, ina manufaa kuliko mita iliyochokonolewa ndani na mtu asiye na cha kulinganishia.

Ulinganishaji huo ni mnyororo. Mita ya fundi hulinganishwa na kifaa cha maabara, nacho hulinganishwa na kipimo cha Taifa, hadi kufikia mfumo wa kimataifa wa vipimo uliojengwa juu ya Mkataba wa Mita wa tarehe 20 Mei, 1875. Tangu tarehe 20 Mei, 2019, ampea yenyewe inatambulishwa kwa chaji ya elektroni, ambayo thamani yake imewekwa bila kubadilika. Pete moja ya mnyororo huo ikikatika, cheti hubaki karatasi tu.

Usalama kabla ya usahihi

Jambo la kwanza la kutazama kwenye mita iliyotumika ni alama ya daraja la usalama iliyoandikwa karibu na matundu ya nyaya. Alama hizo huanza na herufi CAT, zikifuatwa na tarakimu ya Kirumi na kiwango cha volti.

CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni kwa nyaya na mbao za usambazaji ndani ya jengo. CAT IV ni kwa mahali umeme unapoingilia, kama vile kwenye mita ya LUKU na nyaya za nje. Kwa fundi wa nyumba, mita isiyofikia CAT III ya volti 600 haifai, hata kama bei yake inavutia.

Jambo la pili ni fyuzi. Mnunuzi aombe mita ifunguliwe mbele yake. Fyuzi bora ni za kauri, zimejazwa mchanga wa kuzima cheche, na zina uwezo wa volti ulioandikwa. Mita ya Fluke 87V, mathalani, hutumia fyuzi ya ampea 11 na nyingine ya miliampea 440, zote za volti 1,000.

Mita nyingi za mtumba zimewekewa fyuzi ndogo ya kioo ya gari, au kipande cha waya. Mita ya namna hiyo itapima vizuri kila siku hadi siku nyaya zitakapowekwa kimakosa kwenye tundu la ampea na kugusishwa umeme wa nyumba. Hapo inaweza kulipuka mkononi. Muuzaji akikataa kuifungua, ni heri kuiacha.

Ukaguzi wakati wa kununua

Baada ya usalama, mnunuzi anaweza kufanya majaribio machache yasiyohitaji maabara.

Kwanza, achunguze sehemu ya betri. Ukungu wa kijani au mweupe ni dalili ya kemikali ya betri iliyovuja, ambayo hula njia za umeme kwenye ubao wa ndani. Achunguze pia kama kioo kinaonyesha tarakimu zote na kama kitufe cha kuzungusha hakitikisi usomaji.

Pili, agusishe ncha mbili za nyaya mita ikiwa kwenye omu. Usomaji uwe sehemu ndogo ya omu na utulie. Ukirukaruka, nyaya au matundu yamechakaa.

Tatu, apime betri mpya ya volti 1.5, kisha betri ya gari au ya sola, na kulinganisha na mita nyingine mbili. Mita tatu zikikubaliana, hiyo ni dalili njema lakini si uthibitisho, kwa kuwa zinaweza kuwa zimekosea pamoja.

Nne, aulize kama mita inapima thamani halisi ya wimbi la umeme, uwezo unaoandikwa True RMS. Mita isiyo na uwezo huo huwa sahihi kwa wimbi laini la gridi, lakini hupotosha kwa inveta za bei nafuu. Kwa wimbi la mraba kamili, mita hiyo huzidisha kwa takriban asilimia 11.

Vifaa vikubwa vya maabara

Wapo wanaonunua vifaa vya mezani vilivyostaafishwa na viwanda na vyuo vya Marekani na Ulaya, zikiwamo osiloskopu. Vingi ni imara kuliko vipya vya bei ya chini, lakini vina mitego yake.

Mtego wa kwanza ni umeme: kifaa cha Marekani huenda kimewekwa kwenye volti 115, na kikichomekwa kwenye volti 230 bila kubadilishwa kitaungua. Wa pili ni kumbukumbu: baadhi ya vifaa vya miaka ya 1980 na 1990 huhifadhi takwimu za marekebisho kwa msaada wa betri ya ndani. Betri hiyo ikifa, takwimu hupotea na kifaa kinahitaji kurekebishwa upya maabara.

Wa tatu ni majina. Kitengo cha vipimo cha Hewlett-Packard kiliitwa Agilent kuanzia mwaka 1999, na Keysight kuanzia mwaka 2014. Mita ya mezani ya 34401A iliuzwa kwa majina yote matatu, hivyo kitabu cha maelekezo chenye jina moja hufaa kwa nyingine.

Anayeagiza kutoka nje anapaswa kuwauliza TBS na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kuhusu masharti na kodi kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kufika bandarini.

Kuhakiki ukiwa mbali

Kanuni inayokubalika kwa mafundi wa vipimo ni kwamba kifaa cha kulinganishia kiwe na usahihi angalau mara 4 ya kile kinachohakikiwa. Mita yenye kosa la asilimia 0.5 inahitaji chanzo chenye kosa lisilozidi asilimia 0.125.

Kwa volti za moja kwa moja, vipo vibao vidogo vyenye chipu ya AD584 inayotoa volti 10, 7.5, 5 na 2.5. Herufi iliyo kwenye chipu ina maana kubwa. Ya J inaruhusiwa kukosea hadi asilimia 0.3 kwenye volti 10, hivyo haitoshelezi kanuni hiyo. Ya K ni asilimia 0.1, na ya L ni asilimia 0.05. Kwa omu, rezista chache zenye kosa lisilozidi asilimia 0.1 zinatosha.

Uhakiki ufanyike kwenye joto la nyuzi 18 hadi 28 za Sentigredi, kiwango ambacho watengenezaji wengi hutumia kutangaza usahihi wa mita zao. Kwa baridi ya alfajiri ya milimani, mita iachwe ndani ya chumba kwa saa moja au mbili kwanza. Matokeo yaandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, kwa kuwa mita inayohamahama kila mwezi haifai hata kama leo inasoma sawa.

Njia nafuu zaidi ni ya ushirika. Badala ya kila fundi kupeleka mita yake Dar es Salaam, mafundi wa mji mmoja wanaweza kuchangia mita moja nzuri, wakaipeleka kwa ugezi kila mwaka, na kuitunza isitumike kwa kazi yoyote ila kuhakiki nyingine. Cheti kitakachotolewa kionyeshe namba ya kifaa, usomaji kabla na baada ya marekebisho, na kiwango cha mashaka cha kila kipimo.

TBS na WMA

TBS iliundwa kwa sheria ya mwaka 1975 na sasa inaongozwa na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Ndiyo inayofanya ugezi wa mita na vifaa vya maabara na viwanda. Wakala wa Vipimo (WMA), ulioanza mwaka 2002, husimamia vipimo vya biashara, ikiwamo mizani ya kununulia kahawa na maharage pamoja na pampu za mafuta. Mwenye mizani ya elektroniki iliyotumika asiitumie kununulia mazao kabla WMA haijaihakiki na kuiwekea alama yake.

Kwa mteja wa kawaida, awe mjini au kijijini, swali la kumuuliza fundi kabla ya kulipia betri mpya ni rahisi: mita hiyo ililinganishwa lini, na ililinganishwa na nini? Fundi mwenye daftari atajibu mara moja.