Subukia 1928: tetemeko tulilolisahau

Tukisikia Solai, wengi wetu hapa Nakuru tunakumbuka usiku wa Mei 9, 2018. Bwawa la Patel lilipasuka baada ya mvua kubwa na maji yakaua zaidi ya watu 40. Lakini ukanda huohuo una historia nyingine ambayo ni wachache wanaoisimulia.

Januari 6, 1928, ardhi ilitetemeka Subukia. Kipimo kilikuwa 6.9, tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Kenya. Ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 38 hivi, kufuata ukuta wa Marmanet.

Sasa wanaprogramu wenzangu, hebu chukueni rekodi za matetemeko ya Kenya kuanzia 1930 tu. Programu yako itaapa kwamba jambo kama hilo haliwezekani! Data haikudanganya, ila ilichelewa miaka 2.

Tufanyeje basi? Katika miaka ya 1940 Beno Gutenberg na Charles Richter, wakiwa California, walionyesha kwamba kila ukipanda kipimo kimoja, idadi ya matetemeko hupungua kama mara 10. Kwa hiyo yale madogo, ambayo ni mengi, hutusaidia kukadiria makubwa yasiyoonekana mara kwa mara. Yanatupa kadirio la mara ngapi. Siku hayatupi.

Na "mara 1 kwa miaka 100" si ahadi ya kupumzika miaka 99. Tuseme, kwa mfano tu, kila mwaka una uwezekano wa 1%. Nyumba itakayosimama miaka 30:

1 - 0.99^30 = 0.26

Zaidi ya robo! Ni nani angepanda matatu yenye bahati hiyo?

Mwaka 1928 eneo lile lilikuwa na mashamba makubwa ya walowezi na nyumba chache. Nakuru imekuwa jiji tangu 2021, na ghorofa zinazidi kupanda. Tetemeko lilelile leo lingekuta watu wengi mno chini ya zege.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu wa Bonde hauzibiki, kwa hiyo kilichobaki ni kuta zenyewe. Ukingo wa bwawa hukaguliwa kabla ya masika, na nondo za nguzo huhesabiwa kabla zege halijamwagwa. Kazi hiyo haihitaji mtabiri.