Gari kugoma kuwaka: Si kila mara kosa ni la betri

DEREVA anayewasha gari lake alfajiri katika Kata ya Nyakisasa, wilayani Ngara, na kusikia mlio mmoja mkavu kisha kimya, kwa kawaida huwaza jambo moja tu: betri imekufa. Hununua nyingine, na baada ya siku chache gari hugoma tena, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye alteneta, mkanda au waya uliolegea.

Kosa hilo hugharimu zaidi ya fedha. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, inayopita misitu ya Biharamulo na Ngara, si mahali pa kuzimikiwa na gari usiku. Katika miaka ya 2000 magari ya abiria yaliyopita njia hiyo yalikuwa yakisindikizwa na polisi wenye silaha kwa hofu ya majambazi.

Gari lililofanya kazi vizuri Dar es Salaam au Mwanza huweza kugoma likifika Ngara. Betri huchakazwa zaidi na joto, lakini udhaifu wake hujitokeza kwenye baridi. Asubuhi za nyanda za juu oili huwa nzito, stata huhitaji nguvu zaidi, na betri yenyewe hutoa umeme pungufu.

Uchunguzi uanze na vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani hapo huzuia umeme kupita, na mtikisiko wa barabara za changarawe hulegeza vishikizo vya waya. Waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini nao ukaguliwe, kwani ndio unaosahaulika kuliko wote. Kusafisha na kukaza hakuhitaji fedha, na huponya magari mengi kuliko wamiliki wanavyodhani.

Hatua ya pili huhitaji kipima volti, kifaa ambacho kila fundi umeme wa magari anacho. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imekwisha chaji. Wakati stata inazungusha injini, kipimo kikishuka chini ya volti 9.6 ilhali betri ilikuwa imejaa, basi betri hiyo imechoka kweli.

Injini ikishawaka, kipimo hupaswa kupanda hadi kati ya volti 13.8 na 14.5. Kikibaki 12 na kuendelea kushuka, alteneta haichaji: huenda mkanda umelegea, kaboni zimekwisha, au daodi zimeungua. Kikipita 15, kidhibiti chaji kimeharibika, na maji ya betri yatachemka hadi yaishe. Magari mengi ya miaka ya karibuni hubadili kiwango cha chaji kwa amri ya kompyuta, hivyo kipimo kimoja kisitoshe kuyahukumu.

Taa nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi nayo ina lugha yake. Hupaswa kuwaka swichi inapofunguliwa na kuzimika injini inapoanza kunguruma. Ikiwaka safarini, gari linaendeshwa na akiba ya betri pekee. Taa kubwa mbili peke yake hula takriban ampea 10. Ukiongeza pampu ya mafuta, feni na mfumo wa kuwasha injini, betri ya ampea-saa 60 huenda isifikishe saa mbili usiku, na ikiwa ya zamani hata saa moja. Lusahunga hadi Rusumo ni kilomita zipatazo 90. Dereva mwenye busara huzima kiyoyozi na redio, na hasimamishi injini mpaka afike penye fundi.

Upo pia ule mtindo wa zamani wa kuchomoa waya wa betri injini ikiunguruma ili "kujaribu alteneta". Uachwe. Umeme huruka ghafla na unaweza kuunguza daodi na kompyuta ya gari, na hasara yake huzidi bei ya betri kadhaa. Vivyo hivyo, betri iliyopungua maji huongezwa maji safi ya betri, kamwe si tindikali wala maji ya kisima.

Betri ikikutwa tupu kila asubuhi ingawa alteneta ni nzima, kuna kitu kinachonyonya umeme usiku. Mara nyingi ni king'ora, redio au taa iliyofungwa mtaani. Gari lililozimwa kabisa halipaswi kutumia zaidi ya miliampea 50 hivi. Fundi huchomoa fyuzi moja moja mpaka kipimo kishuke.

Anayelazimika kuazima umeme aunganishe chanya kwa chanya kwanza, kisha hasi ya betri nzima kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa kuwa gesi inayotoka humo hulipuka kwa cheche. Sigara iwe mbali. Na katika njia hii yenye malori mengi yaendayo Rwanda na Burundi, msaada wa kwanza kufika huwa ni lori. Mengi ya malori hayo hutumia volti 24, na umeme huo ukiingia kwenye gari dogo la volti 12 unaweza kuunguza mfumo wake wote. Afadhali kusubiri gari dogo lingine, au kusukumwa iwapo gari ni la gia za mkono. La otomatiki halisukumiki likawaka.