Programu Hasidi Katika Kompyuta Kuukuu

Kompyuta ya mezani ikianza kuwaka kwa kusuasua, kivinjari kikafungua kurasa ambazo hakuna aliyeziomba, na matangazo ya kamari yakajitokeza hata juu ya habari unayosoma, wengi wetu tuna neno moja la kueleza hali hiyo: ina virusi. Mwenye mashine huweka kingavirusi, husafisha, na baada ya muda mfupi matangazo yale yale yanarudi. Mara nyingi kilichomo humo si virusi hata kidogo. Ni programu iliyoingia kwa ruhusa, na kingavirusi huenda ikaipita bila kuigusa. Anayetaka kuilinda kompyuta yake hana budi kuijua istilahi pana zaidi, yaani programu hasidi, pamoja na jirani yake, programu ya matangazo.

Kwa maana ya kitaalamu, virusi ni aina moja tu kati ya nyingi. Mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, mwanafunzi Fred Cohen alitengeneza programu iliyojipachika ndani ya programu nyingine na kujizalisha kila hiyo nyingine ilipotumiwa. Mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyependekeza iitwe virusi. Brain, iliyotoka Lahore nchini Pakistan mwaka 1986, ilikuwa virusi hasa: ilijificha katika sehemu ya diski laini ambayo kompyuta huisoma kwanza inapowashwa. Mnyoo ni kitu kingine. Hauhitaji programu ya kujibandika, hutambaa wenyewe mtandaoni, kama ule ulioachiliwa na Robert Morris mwezi Novemba 1988. Farasi wa Troya hajizalishi. Hujifanya programu ya manufaa ili umfungulie. Programu jasusi hunakili manenosiri, na programu ya kudai kikomboleo husimba mafaili yako kisha ikaomba fedha.

Aina zilipoongezeka, jina la jumla lilihitajika. Yisrael Radai, mtaalamu wa kompyuta wa Israeli, ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa neno malware mwaka 1990. Aliliunga kutokana na maneno mawili ya Kiingereza, moja la nia mbaya na jingine la programu. Kiswahili kimelijibu kwa programu hasidi, na ndilo tunalokutana nalo leo katika maonyo ya usalama ya simu na vivinjari vilivyotafsiriwa.

Hasidi tumempokea kutoka Kiarabu, naye ni mwenye husuda, anayeumwa na neema ya mwenzake. Kanga zinamwambia kila siku kwamba hasidi hana sababu. Kwa kipimo hicho istilahi yetu inaweza kuonekana imekosea, maana watengenezaji wa programu hizi wana sababu iliyo wazi, nayo ni fedha. Hawakujui wala hawakuonei kijicho. Hata hivyo naitetea. Katika matumizi ya kila siku hasidi amekwisha kupanuka akawa adui, mtu anayekutakia shari, na shari ya kukusudia ndiyo kiini cha jambo hili. Programu iliyoandikwa vibaya ikafuta hesabu za duka zima kwa hitilafu si hasidi. Programu iliyoandikwa kwa ustadi, isiyo na kosa hata moja, inayotuma nenosiri lako kwa mwizi, ni hasidi. Kinachozitenganisha ni nia, wala si ukubwa wa madhara. Ndiyo maana sikubali pendekezo la kusema programu haribifu. Lilifaa enzi ambazo virusi vilifuta diski kwa fahari ya aliyevitunga. Programu hasidi nyingi za leo hupenda kompyuta izidi kuwa nzima, ili ziendelee kuinyonya.

Programu ya matangazo ndiyo inayoyumbisha mpaka huo. Nia yake ni kuuza, na kuuza si uovu. Wengi wa waliotengeneza programu za bure walijilipa kwa matangazo yaliyoonekana wazi, bila hila yoyote. Shida huanza pale inapobebwa ndani ya programu nyingine, ikapewa kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya kukubali, kisha ikabadilisha ukurasa wako wa mwanzo, ikaelekeza utafutaji wako kwingine na kukataa kuondoka. Mfano mzito ni Superfish, iliyosambazwa ndani ya kompyuta mpya za mapajani za Lenovo na kufichuliwa mwezi Februari 2015. Kazi yake iliyotajwa ilikuwa kupenyeza matangazo katika kurasa za wavuti. Ili iweze kufanya hivyo hata kwenye kurasa zilizosimbwa, ilisakinisha cheti chake cha uaminifu ndani ya Windows, na ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa ule ule katika mashine zote. Aliyeupata ufunguo huo angeweza kujifanya benki mbele ya mmiliki wa mashine yoyote kati ya hizo. Serikali ya Marekani ilitoa tahadhari ya kuiondoa. Matangazo, basi, yanaweza kuwa ndiyo njia ya kuvunjia usalama wote, na yeyote anayesema hayo ni matangazo tu ayafikirie upya.

Sasa kompyuta kuukuu inahusikaje? Umri wa chuma si tatizo. Mashine ya mwaka 2012 yenye diski nzima hufanya kazi za ofisi vizuri. Kinachozeeka kwa hatari ni mfumo endeshi, siku mtengenezaji anapoacha kuutolea viraka vya usalama. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wake huzikataa rasmi kompyuta zisizo na kipengele cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa hiyo mashine nyingi zilizo nzima zimebaki nje.

Tuliona maana ya kukosa viraka tarehe 12 Mei 2017. WannaCry, mnyoo uliobeba programu ya kudai kikomboleo, ulizikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Haukuhitaji mtu abofye chochote. Ulipita katika kosa la njia ya zamani ya Windows ya kushirikiana mafaili, kosa ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka tangu tarehe 14 Machi mwaka huo. Waliosasisha walikuwa salama.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa kompyuta ya zamani ni kuipa mfumo ambao bado unatunzwa. Kama Windows 11 haikubali, Linux Mint ya toleo la Xfce hutosheka na gigabaiti 2 za kumbukumbu, ingawa 4 ni bora, na ni bure kabisa. Ningemshauri hivyo kila mwenye steshenari anayeandika barua na kuchapa vyeti. Ukibaki na Windows, fanya kazi zako kwa akaunti ya kawaida, akaunti ya msimamizi uiache kwa usakinishaji peke yake. Pakua programu kwenye tovuti ya mtengenezaji, chagua usakinishaji wa hatua kwa hatua, na uondoe alama kwenye kila nyongeza. Kagua viendelezi vya kivinjari, maana programu za matangazo hupenda kukaa huko, na ufute kila usichokumbuka kukiweka. Kingavirusi moja inatosha. Mbili hugombana na kuielemea mashine.

Flashi nayo ina kisa chake. Ukiichomeka ukakuta kila folda imegeuka njia ya mkato, usibofye. Folda zako zimefichwa tu, na zile njia za mkato ndizo zinazoiamsha programu hasidi. Washa uonyeshaji wa mafaili yaliyofichwa, toa vitu vyako, kisha ukague flashi nzima kwa kingavirusi.

Na ikiwa lazima Windows 7 ibaki, labda kwa sababu ya printa au mashine ya maabara isiyoelewana na mfumo mwingine, ichomoe waya wa mtandao na uizimie wifi. Mafaili yaingizwe kwa flashi iliyokaguliwa kwanza kwenye kompyuta nyingine yenye mfumo unaosasishwa, na nakala rudufu za kazi zote zihifadhiwe kwenye diski ya nje ambayo haiachwi imechomekwa.